Samaki Mkubwa katika Kidimbwi Kidogo



Sisi wa Burundi twasoma lugha nne: Kirundi tulichonyonya kwa mama zetu, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Kati ya hizo, Kiingereza ndicho kilichotufikia mwisho. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikafanywa kuwa lugha rasmi. Maneno yake ya kawaida twayafahamu sasa, lakini misemo yake mara nyingi hutushinda, maana msemo haufunguki kwa kamusi peke yake. Katika makala hii nataka kueleza msemo mmoja tu, ambao naona watuhusu sana sisi wanafunzi, na hasa sisi tunaotoka katika pwani hii ya Kabezi, Magara, Minago na Rumonge. Waingereza husema juu ya mtu fulani kwamba yeye ni samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo.

MAANA YAKE

Tuseme kuna kidimbwi kilichobaki kando ya mto baada ya mvua. Ndani yake wamo samaki ishirini, na mmoja wao amewazidi wenzake. Akipita, wengine humpisha. Akitaka chakula, yeye hula kwanza. Kila siku huona migongo ya wadogo, wala hajaona hata siku moja mgongo wa aliye mkubwa kuliko yeye. Basi samaki huyo atajionaje? Atajiona kuwa ndiye mkuu wa samaki wote duniani.

Kwa hiyo msemo huu husemwa juu ya mtu aliyepata cheo, elimu, mali au sifa mahali padogo. Unaweza kusemwa bila ubaya, lakini mara nyingi una kejeli ndani yake: mtu huyo ajiona, ana makuu, ameota mapembe, naye hajui kwamba akitoka nje ya mtaa wake hakuna amjuaye. Msemo ulienea katika magazeti ya Marekani katika karne ya 19. Huko wengine walisema vilevile juu ya chura mkubwa katika dimbwi, na nadhani chura afaa zaidi, kwa sababu yeye hupiga kelele pia.

Jambo moja lataka kuangaliwa sana hapa. Msemo hausemi kwamba samaki huyo ni mwongo. Yeye ni mkubwa kweli, na wote waliomo kidimbwini ni mashahidi wake. Kosa lake ni kwamba amejipima mwenyewe, asiyapime maji. Mtu akifahamu neno hili moja, ameufahamu msemo wote.

WENZETU WASEMAJE?

Waswahili wa pwani ya Bahari ya Hindi walilijua jambo hili zamani, nao walilisema kwa maneno machache: Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Kifuu ni gamba gumu la nazi iliyokwisha kukunwa. Mvua ikinyesha, maji kidogo hukaa ndani yake. Sisi tungeyamwaga bila kuyatazama. Lakini chungu, yaani sisimizi, akisimama ukingoni haoni ng'ambo, naye husadiki kwamba ameiona bahari. Tena husemwa: Jogoo la shamba haliwiki mjini. Huko shamba jogoo huyo huamsha kijiji kizima, lakini akipelekwa mjini sauti humkauka.

Baganda husema juu ya mtu asiyetembea, kwamba yeye husifu mapishi ya mama yake tu, kwa kuwa hajaonja ya wengine. Na huko China, katika kitabu cha Zhuangzi chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, mna hadithi ya chura aliyekaa kisimani. Alimsimulia kasa wa Bahari ya Mashariki raha zote za kisima chake, akamkaribisha aingie ajionee. Kasa alijaribu, lakini kabla hajauingiza mguu wa pili alikuwa amekwisha kukwama. Akarudi nyuma, akamweleza chura habari za bahari, na chura akabaki ameduwaa.

Hivyo twaona kwamba jambo hili si la Waingereza peke yao. Popote palipo na maji madogo, yupo pia anayeyadhani kuwa ni bahari.

AINA TATU ZA SAMAKI HUYU

Nikiwatazama watu, na nikikumbuka niliyoyasoma, naona kwamba samaki hawa ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule asiyejua kwamba kuna maji mengine. Huyu ni chura wa kisimani na chungu wa kifuuni. Hana hatia kubwa. Dawa yake ni safari na vitabu.

Wa pili anajua kwamba kuna maji makubwa, lakini ayaogopa, naye huchagua kidimbwi kwa makusudi. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zamani, asimulia habari ya Julius Caesar alipokuwa akivuka milima ya Alps. Walipita katika kijiji kidogo cha maskini. Wenzake wakauliza kwa mzaha kama watu wa mahali kama pale nao hugombea vyeo. Caesar akawajibu bila kucheka kwamba yeye angependa zaidi kuwa wa kwanza pale kuliko kuwa wa pili mjini Roma. Na bado Roma yenyewe hakuiacha, hata mwaka 44 kabla ya Kristo wakubwa wenzake walipomwua. Wengi wetu hatuna moyo wa vita kama wake, lakini tabia hii tunayo. Mwanafunzi huchagua rafiki wasiomshinda hesabu. Mwimbaji hukataa kwenda kuimba na kwaya ya mjini. Mfanyabiashara hukaa na wale wamsifuo tu. Hawa wote wamechagua maji watakamoonekana wakubwa.

Wa tatu ndiye mbaya kupita wote. Huyu ajua kwamba kuna maji mengine, naye atangaza kwamba yote ni yake. Afrika Mashariki tulikuwa na mfano ambao dunia nzima iliuona. Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda mwaka 1971. Mwaka 1975 akajipa cheo kikubwa kabisa cha jeshi, na mwaka 1976 akafanywa Rais wa Maisha. Tena husimuliwa kwamba katika orodha ndefu ya majina yake ya heshima alijiita Bwana wa wanyama wote wa nchi na samaki wote wa bahari. Uganda haina bahari. Watu wa mbali waliyacheka majina hayo, lakini Waganda hawakuwa na nafasi ya kucheka, kwa sababu maelfu mengi waliuawa katika miaka hiyo. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, na yule Rais wa Maisha alikuwa amekwisha kukimbia. Alikufa Jeddah, katika Saudi Arabia, mwaka 2003. Kwa hiyo tusidhani kwamba kujikweza ni jambo la kuchekesha tu. Mtu anayejiona hivyo akipata nguvu, wadogo waliomo kidimbwini hulipa kwa damu yao.

ZIWA LETU LATUFUNDISHA NINI?

Sisi wa pwani hii tunayo maji ya kutufundisha kupima. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika metre 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake, lililo Urusi, linalolizidi kwa kina. Nchi nne hulishiriki: Kongo na Tanzania zina sehemu kubwa, na Burundi na Zambia zina sehemu ndogo. Sehemu yetu ni kiasi cha 8 katika 100. Mtu wa Kabezi akisimama mchangani asubuhi huona milima ya Kongo ng'ambo, lakini upande wa kusini haoni mwisho. Basi ni nani atakayesema kwamba ziwa hili ni kidimbwi?

Lakini tupige hesabu. Maji yote ya bahari za dunia, yakipimwa, ni zaidi ya mara 70,000 ya maji ya Ziwa Tanganyika. Mbele ya bahari, hata ziwa letu ni maji ya kifuu. Je, limepungua kwa kuwa tumepiga hesabu hiyo? Halikupungua hata kikombe kimoja. Kina chake ni kile kile, na wavuvi watatoka usiku huu kama walivyotoka jana.

Kipo kisa cha kweli kilichotokea papa hapa ambacho kinalieleza jambo hili vizuri. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, kabla ya kufika Kabezi, wapita Mugere. Huko, kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini, lipo jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Utawasikia watu wengine wakiwaambia wageni kwamba hapo ndipo mabwana hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, na kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 ya mwezi huo huo. Mugere walilala tu katika safari yao ya kwenda kaskazini ya ziwa. Jiwe lenyewe halisemi uongo, maana limeandikwa majina mawili na tarehe moja basi. Ni watu wanaolivimbisha, kana kwamba jiwe lenye sifa yake halali halitoshi.

Na ile sifa yake halali ni nzuri kuliko ya uongo. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya chanzo cha mto Nile. Burton, aliyefika ziwani hapa pamoja na Speke mwaka 1858, alitaka ziwa aliloliona yeye liwe ndilo chanzo. Kwa hiyo ilikuwa lazima mto Rusizi uwe unatoka ziwani kwenda kaskazini. Huko Uvira wenyeji walimwambia wazi kwamba mto huo huingia ziwani, lakini hata baada ya miaka sita aliendelea kubisha. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto waingia. Jambo lililowagombanisha mabwana wakubwa wa London kwa miaka 13, mtoto wa mvuvi wa Rusizi alilijua tangu alipojifunza kupiga kafi.

Basi ziwa letu si chanzo cha Nile. Maji yake hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia katika mto Kongo, yakaenda mpaka bahari ya Atlantiki. Sifa moja ya uongo iliondoka, na ziwa likabaki na sifa zake za kweli ambazo zatosha kabisa. Mtu naye ni vivyo hivyo. Akijua kipimo chake hapungukiwi na kitu, ila huacha kubeba mzigo wa kujifanya.

TUTAZAME DARASANI

Sasa nasema nasi wanafunzi. Mwalimu mmoja mtaalamu wa mambo ya akili, Herbert Marsh, pamoja na mwenzake John Parker, walitoa mwaka 1984 uchunguzi walioufanya katika shule za Australia, nao wakautumia msemo huu huu kuwa jina la jambo walilolivumbua. Waliona hivi. Chukua watoto wawili wenye akili sawa. Mmoja mweke katika shule ambayo wenziwe ni hodari sana, na wa pili katika shule ambayo wenziwe ni wa kawaida. Ukiwauliza wajionaje katika masomo, yule wa shule ya hodari atajiona dhaifu, na yule wa shule ya kawaida atajiona hodari. Akili zao ni sawa, ila majirani wao ndio walio mbalimbali. Mwaka 2003 Marsh na mwenzake mwingine walichapisha uchunguzi juu ya vijana wa miaka 15 wa nchi 26, na habari ikawa ni ile ile.

Nadhani uchunguzi huu wapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa darasa la mwisho. Baada ya miezi michache sisi wa miaka 19 na 20 tutaondoka hapa. Wako miongoni mwetu waliokuwa wa kwanza tangu shule ya msingi. Mwalimu akiuliza swali, wote humgeukia yeye. Mtihani ukirudishwa, hatafuti jina lake chini, hulitafuta juu. Mwenyezi Mungu akipenda atakwenda Chuo Kikuu huko Bujumbura, naye ataingia katika chumba chenye vijana mia na zaidi. Je, hao ni nani? Kila mmoja wao ni wa kwanza wa mahali fulani. Yumo wa kwanza wa Gitega, wa Ngozi, wa Bururi, wa Rumonge. Mtihani wa kwanza utarudishwa, naye ataliona jina lake katikati, au chini ya katikati.

Siku hiyo ndiyo ya hatari. Wapo wanaosema, "Kumbe mimi ni mjinga," wakaacha kusoma. Nimewajua wawili waliorudi nyumbani hivyo, vijana hodari waliotufundisha sisi wadogo, nao walikata tamaa kwa sababu ya kuwa wa arobaini. Wapo wengine wanaosema, "Walimu wa huku wananionea." Wote wamekosa hesabu. Akili waliyokuja nayo haikubaki stendi ya basi. Maji tu ndiyo yaliyobadilika. Kama hapo zamani sifa za kidimbwi hazikuwa kipimo cha kweli cha ukubwa wao, basi na aibu ya sasa haiwezi kuwa kipimo cha kweli cha udogo wao. Twasema kila siku kwamba kiburi ni kibaya, na ni kweli; lakini kukata tamaa ni mtoto wa kiburi hicho hicho. Aliyezoea kusimama juu ya mabega ya wengine ndiye aangukaye vibaya anapokanyaga chini.

TUTAZAME PWANI

Tena lipo neno kwa wale wanaorudi nyumbani, yaani sisi wakati wa likizo, na ninyi ndugu zetu mliomaliza.

Likizo moja nilimwona kijana wa kwetu amesimama pwani ya Kabezi alfajiri, mitumbwi ilipokuwa ikirudi. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na mikono imo mifukoni. Watu walikuwa wakivuta mtumbwi, wanawake wakingoja na mabeseni yao kununua ndagala. Mzee mmoja mvuvi akamwita kwa upole, "Mwanangu, tusaidie mkono."

Yule kijana akajibu, "Mzee, mimi nimekuja kupumzika. Kazi yangu ni ya kichwa."

Mzee hakukasirika. Alimaliza kuvuta, akanawa mikono, kisha akamwuliza, "Vema, mwanangu. Kwa kuwa kazi yako ni ya kichwa, hebu nisaidie kwa kichwa. Mwezi utajaa lini?"

Kijana akatazama juu, lakini kulikuwa kumekwisha kucha. Akasema, "Sijui, mzee."

Kando yake alikuwapo mtoto wa miaka tisa hivi, anaokota ndagala walioanguka mchangani. Bila kuulizwa akasema, "Bado siku nne."

Mzee akacheka kidogo, akasema, "Shuleni wewe ni mkubwa, mwanangu, nasi twakuonea fahari. Lakini hapa hujaingia darasa la kwanza, na mwalimu wako ndiye huyu." Watu wote wakacheka, na mtoto akaendelea kuokota.

Kwa wale wasomaji wasiokaa ziwani nieleze kwa nini mzee aliuliza habari za mwezi. Uvuvi wa ndagala ni wa usiku. Wavuvi hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu ya jua. Ndagala huifuata nuru, wakakusanyika chini ya taa, na hapo wavu huinuliwa. Lakini mwezi ukijaa, ziwa zima huwa na nuru, na ile taa haiwaiti ndagala tena. Siku hizo wavuvi hukaa nyumbani, wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Taa ni ile ile, lakini ukubwa wake ulikuwa katika giza. Nimefikiri mara nyingi kwamba cheti cha shule ni taa ya namna hiyo. Mahali ambapo wachache wamesoma, chaangaza sana. Mahali ambapo wengi wamesoma, ni taa moja usiku wa mbalamwezi.

Na ndagala mwenyewe ni nani? Ni samaki mdogo wa urefu wa kidole tu. Akilinganishwa na sangala, ambaye akiletwa sokoni watu husimama kumtazama, yeye si kitu. Lakini sangala na mukeke, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita migebuka, huishi kwa kuwala ndagala. Ndagala wakiisha, wakubwa hao watakula nini? Tena jikoni kwa watu wengi wa Burundi, hata milimani mbali na ziwa, samaki anayejulikana ni ndagala aliyekaushwa, wala si sangala. Vivyo hivyo wako wanafunzi wengi katika shule yetu ambao karo yao, madaftari yao, na hata viatu vyao vyeusi vilitoka katika beseni la mama aliyeanika ndagala juani tangu asubuhi mpaka jioni. Mtoto wa mama huyo akirudi kijijini akaona haya kumsalimu mbele ya rafiki zake, au akamjibu bibi yake kwa Kifaransa ambacho yule mzee hakifahamu, basi huyo ni samaki mkubwa anayewadharau samaki wanaomlisha.

TUFANYE NINI?

Nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba ni aibu kuwa wa kwanza, wala sisemi kwamba kila mtu aende kutafuta maji makubwa na kuacha kwao. Kijiji chahitaji mwalimu wake, muuguzi wake na fundi wake. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mlimani ni samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo, na watu wanaomngoja asubuhi humshukuru Mungu kwamba yupo. Ukubwa wake si wa kuchekwa, maana yeye anaufanyia kazi. Huyo kidimbwi chake akijua kwamba ni kidimbwi, naye akipenda. Lawama ni kwa yule ambaye ukubwa wake ni wa kupishwa njia tu.

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa maneno matatu.

Kwanza, tupime maji kabla ya kujipima sisi. Ukishinda, uliza uliwashinda nani, na wangapi. Ukishindwa, uliza vilevile. Maswali haya mawili yatakukinga na kiburi, tena yatakukinga na kukata tamaa.

Pili, kila mara tuingie katika maji ya mtu mwingine, tukubali kuwa wadogo humo. Mwenye kujua hesabu akajifunze kushona wavu. Mwenye kujua Kifaransa akawaulize wazee maana ya majina ya vijito na vilima vyetu. Mtu anayekuwa mwanafunzi mahali fulani kila mwaka hawezi kuota mapembe, kwa sababu hapati nafasi.

Tatu, tuwaheshimu waliotulisha. Hili halihitaji maelezo.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule, nanyi mlio na kazi Bujumbura, Rumonge, Uvira au Kigoma, twawaomba jambo moja. Mkija kutuzuru, msitusimulie vyeo vyenu tu. Tusimulieni na ile siku mlipoingia maji makubwa mkajiona wadogo, na jinsi mlivyoendelea kuogelea. Habari hiyo itatufaa kuliko hotuba nyingi, kwa sababu siku hiyo yatujia na sisi, na wengi wetu hatujaambiwa.